Tupeane uzoefu: mliokuwa Kivu, mashariki mwa Kongo, 1998 hadi 2003, jeshi la kigeni lilipokaa kwenu mlipinga vipi? Na ilikuwa halali?

Mwana wa Nguba
Jambo yenu wote. Tangu Bukavu ichukuliwe na waasi wa M23 Februari 2025, nyumbani kwetu mazungumzo yamerudi kule kule. Juzi mdogo wangu kanipigia: "Yaya, wakati ule wa RCD ninyi mlikuwa mnafanyaje?" RCD ni wale waasi waliotutawala wakisaidiwa na jeshi la Rwanda. Nikakosa jibu. Nilikuwa na miaka kumi na saba ile Agosti 1998. Ninachokumbuka ni foleni ya maji, na baba kuzima redio kila gari likipita. Mlioona zaidi semeni. Nani alipinga, kwa njia gani, na leo mnaonaje? Siasa za sasa tuziache pembeni tafadhali.

Mama Sombe
Siasa za sasa tuziache, halafu umeanza na Februari 2025 😂 Haya.

Mimi nilikuwa nauza unga soko la Kadutu, Bukavu. Mwanzoni mwa 2000 kauli ikapita: ville morte, mji ufe. Duka lisifunguliwe, teksi isitembee, mtoto asiende shule. Hakuna redio iliyotangaza, ilipita mdomo kwa mdomo. Asubuhi nikachungulia nje. Kadutu, ile ambayo huweki mguu bila kukanyaga wa mwenzako, ilikuwa tupu. Mbwa kalala katikati ya barabara.

Siku ya tatu askari wakaja kugonga milango kwa vitako vya bunduki, kila mwenye kibanda akafungue. Nikafungua. Nikapanga unga wangu vizuri, na mizani juu. Hakuna mnunuzi hata mmoja! Nilikaa pale mpaka jioni, nalindwa na mtu mwenye bunduki niuze unga ambao hakuna anayeununua. Mwisho akaniuliza kilo bei gani. Nikamtajia. Akanunua yeye.

Lakini watoto walilala na uji mwepesi siku zile, na hilo silicheki.

Fundi wa Bagira
Mbwa barabarani, kweli kabisa. Hata Bagira.

Padre Hakuwa
Mama umesahau kisa chenyewe. Askofu Kataliko alikuwa ameandika barua ya Noeli 1999, akasema wazi kwamba wageni wanapora nchi wakishirikiana na baadhi ya ndugu zetu. Februari RCD wakamzuia asirudi Bukavu, wakamweka Butembo. Shule za Wakatoliki zikagoma. Karudi Septemba, Oktoba hiyo hiyo akafia Roma. Bado kuna watu kwetu wasioamini kwamba ni moyo tu. Alipinga bila risasi hata moja, na walimwogopa kuliko kikosi kizima.

Msomi wa Uvira
Kwa wanaouliza uhalali. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki pale The Hague iliamua kwamba Uganda iliukalia kijeshi mkoa wa Ituri, kaskazini ya Kivu, na 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilikataliwa 2006 kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Yaani Ituri wana karatasi inayosema walikaliwa. Bukavu hawana.

Mama Sombe
Mimi karatasi ya nini? Nilimuuzia unga.

Boyomais
Kwetu Kisangani wageni walipigana wenyewe kwa wenyewe. Juni 2000, siku sita, Rwanda na Uganda, makombora yanapita juu ya paa zetu, huyu upande huu wa mto Tshopo na yule upande ule. Sisi upinzani wetu ulikuwa kulala chini ya kitanda.

Mzaliwa wa Mwenga
Nasoma hapa naona sifa za wapinzani. Ngoja niseme yasiyopendeza.

Agosti 1998 Mayi-Mayi, wapiganaji wa kienyeji waliopinga wageni, walivizia msafara wa wanajeshi njiani kwetu, wakaua maofisa. Wakarudi porini. Tarehe 24 wanajeshi wakalipiza kwa kijiji cha Kasika. Mwami, chifu wetu, aliuawa, padre aliuawa, mamia ya watu, wanawake wengi mno. Miezi minne baadaye ikawa Makobola, hadithi ni ile ile: kumeshambuliwa, kijiji kimelipa. Mimi nilinusurika kwa sababu nilikuwa nimetumwa kwa shangazi kupeleka mbegu za maharage. Niliporudi sikukuta wa kuniuliza kama nimezifikisha.

Waliofanya ile kazi ndio wauaji, nisieleweke vibaya. Lakini mtu anayepiga risasi moja halafu ananiachia mimi jibu lake, sijui nimwite nani.

Fundi wa Bagira
Pole sana ndugu.

Simba Mayi
Pole, lakini kwa hesabu hiyo hakuna aliyewahi kuwa na haki ya kupinga popote duniani, maana adui daima atalipiza kwa raia. Lawama ni ya anayelipiza. Na kumbukeni, hao hao walioitwa majambazi wa porini walikaa mezani Sun City, Afrika Kusini, kwenye mazungumzo ya amani ya 2002, na mwaka uliofuata wakapewa wizara Kinshasa.

Mzaliwa wa Mwenga
Kupewa wizara ndiyo haki? Basi na RCD walikuwa halali, wao walipewa umakamu wa rais.

Simba Mayi
😶

Darasa la Tano
Nimekuwa nasoma tu kwa miaka mingi, leo naandika.

Nilikuwa Mayi-Mayi. Upande wa Bunyakiri, 1999, miaka kumi na mitatu. Sikukamatwa, nilikwenda mwenyewe baada ya nyumba yetu kuchomwa. Tulichanjwa, tukanyunyiziwa maji, tukapewa masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usile chakula fulani, usipeane mkono na raia yeyote. Ukivunja, maji yanakauka mwilini, na risasi itapita. Mtu mzima anaweza kuwa na shaka. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaamini mpaka kwenye mifupa.

Siku moja niko kwenye barieri, kizuizi cha barabarani. Amri ya mkubwa wetu ilikuwa kwamba anayetoka mjini na bidhaa amelipa kodi ya adui, kwa hiyo ni mtu wa adui. Akaja mwanaume na baiskeli, gunia la chumvi nyuma. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tano. Akanitambua kabla sijamtambua. Akasema jina langu, akatabasamu kabisa, akaninyooshea mkono.

Nilimpiga kwa kitako cha bunduki mdomoni. Si kwa hasira. Niliuogopa ule mkono. Niliona kifo changu kiko kwenye vidole vyake. Akaanguka, baiskeli ikamwangukia, chumvi ikamwagika kwenye tope, na wenzangu wakaanza kuichota. Nikakumbuka sharti la kuiba, nikawapigia kelele waache. Hilo ndilo nililoona kosa siku ile, chumvi.

Mama Sombe
Yesu wangu.

Boyomais
Alipona???

Mwana wa Nguba
Mwanangu, huyo mwalimu alipona?

Simba Mayi
Kikundi chenu hicho kilikuwa kimeharibika. Sisi tuliojua masharti ya kweli raia tulimheshimu.

Fundi wa Bagira
Kila mtu kikundi chake ndicho kilichokuwa cha kweli. Mwache kijana.

Mtoto wa Minembwe
Mimi ni Munyamulenge, Mtutsi wa Kongo wa milima ya Kivu Kusini, na nimesita kuandika, kwa sababu kila mnaposema "wageni" najua kuna anayenihesabu na mimi. Babu yangu kazikwa Minembwe, na baba yake pia. 1998 vijana wetu walisakwa Kinshasa na Kalemie kwa sura zao tu. Huo nao uliitwa kupinga uvamizi.

Na kuna kinachosahauliwa: 2002 vijana wetu walio na kamanda wetu Masunzu walipigana na jeshi la Rwanda lenyewe, milimani kwetu. Tulipinga pia. Hakuna aliyetuita mashujaa.

Simba Mayi
Mbona mlichelewa miaka minne?

Mtoto wa Minembwe
Na ninyi mnachelewa mpaka leo kutuita wenzenu.

Msomi wa Uvira
Suala la Masunzu ni kweli. Nilikuwa Uvira, tuliona majeruhi wakishushwa.

Simba Mayi
Sijakataa kwamba ni kweli. Nimeuliza tu.

Mama Sombe
Umeuliza vibaya, papa. Omba msamaha tuendelee.

Kigoma Ujiji
Mimi Mtanzania. Niliona mitumbwi ikiingia ziwani kwetu imejaa watu kutoka Fizi na Baraka. Mama yangu alimchukua dada mmoja akakaa kwetu wiki tatu kabla ya kupelekwa kambini. Alikuwa anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mkaazi wa Sasa
Mimi niko mjini Bukavu hivi sasa, sitasema mtaa. Mnazungumza ya zamani, mimi nauliza ya kesho. Nikisimamishwa na simu yangu ina makundi ya WhatsApp, nifanyeje?

Boyomais
Futa yote.

Padre Hakuwa
Usifute yote! Simu tupu ndiyo inayotiliwa shaka. Acha kundi la kwaya.

Fundi wa Bagira
Tembea na ile ya tochi.

Mzaliwa wa Mwenga
Kaa nyumbani. Wakija Wazalendo, wapiganaji wanaopinga M23, kukuomba mchango, kaa nyumbani. Wakija hao wengine, kaa nyumbani.

Simba Mayi
Huo ndio ushauri unaotufikisha hapa kila baada ya miaka kumi.

Mkaazi wa Sasa
Kwaya yetu ndiyo yenye ujumbe mbaya kuliko makundi yote 😅

Darasa la Tano
Mlioniuliza. Alipona, meno mawili hayapo. Nilimkuta Julai 2006 kwenye foleni ya kura, mimi nimesimama nyuma yake. Alinitazama, akaniuliza kama nilimaliza la sita. Nikasema hapana. Akasema, "Ulikuwa mzuri kwenye hesabu." Foleni ikasogea.

Mama Sombe
Na mkono mlipeana?

Darasa la Tano
Alikuwa ameshika kadi ya kura.