Napanda kutoka Windows 10 kwenda 11, kanuni zangu za fayawoli zitabaki au ndo naanza upya?

Kitasa_Kibovu
Wakuu habari za saa hizi. Nina kompyuta ya mezani iko Windows 10 Pro, na si mnajua sapoti yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwaiyo nimesumbuliwa weee na ule ujumbe wa kupanda 11 mpaka leo nimesema basi yaishe. Sifa inazo, TPM 2.0 (ile chipu ya usalama) ipo, Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka) nilikuwa nimeizima nikaenda kuiwasha kwenye BIOS, ramu GB 16 na diski ina nafasi ya kutosha. Kinachonitisha ni fayawoli, ule ukuta unaochuja nini kiingie na nini kitoke kwenye mtandao. Hii mashine nimeijaza kanuni zangu mwenyewe miaka yote, nimefungua porti 3389, mlango wa rimoti (kuiendesha mashine kutoka mashine nyingine), kwa laptopu moja tu ya humu ndani, kuna programu ya kamera, kuna folda nimesheya, kuna programu mbili tatu nimezizuia zisitoke kabisa kwenda intaneti. Zingine hata sikumbuki niliziweka za nini ila nina uhakika nikigusa tu kitu kitakufa 😅

Sa swali, nikiweka hii apdeti kubwa kanuni zinabaki au zinafutika? Na je nizime fayawoli kwanza ndo niweke? Maana jamaa kaniambia nisipoizima apdeti itakwama katikati. Antivairasi yangu pia sio ile inayokuja na Windows, nimeweka ya nje.

WayaMwekundu
Usizime mkuu. Fayawoli ya Windows kwa kawaida yake inazuia vinavyotoka nje kuingia kwako na inaruhusu vinavyotoka kwako kwenda nje. Apdeti ni mashine yako yenyewe inaenda kuichukua, kwaiyo hapo hamna cha kuzuiwa, labda kama kwenye zile programu ulizozifungia kuna sevisi ya Windows yenyewe umeifungia bila kujua. Nadhani jamaa yako kachanganya na antivairasi. Hiyo ya nje ndo inaweza kuleta figisu kweli, ing'oe kabla, ukimaliza uweke toleo linalokubali 11. Ila ukishaing'oa ingia uangalie fayawoli ya Windows imewaka, maana nyingi ya hizo antivairasi huwa zinachukua kazi ya fayawoli zenyewe, unaweza ukaitoa ukadhani uko salama kumbe mlango uko wazi.

Kuhusu kanuni, ukipanda juu kwa juu ukachagua kubaki na mafaili na programu zako, kanuni nazo zinabaki. Ukifuta diski ukaweka upya, zinaenda na maji. Vyovyote vile fanya bekapu, ni mstari mmoja tu, fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama admini uandike:

netsh advfirewall export "D:\fayawoli.wfw"

Hilo faili usiliache kwenye diski hiyohiyo moja, lipeleke kwenye flashi. Na kama diski umeifunga kwa BitLocker tafuta ile funguo ya kurejesha, tarakimu 48, iandike kwenye karatasi kabla hujagusa chochote. Kwa kuwa umechezea Secure Boot hiyo funguo unaweza ukaombwa muda wowote, na ukiombwa huna basi hizo kanuni za fayawoli hata hutozikumbuka.

Bi_Swichi
Naongezea hapo kwa yaliyonikuta mwenyewe na kosa lilikuwa langu asilimia mia. Nilivyomaliza kupanda 11 printa haionekani, folda ya kusheya haionekani, nikapandwa na hasira nikazima fayawoli "dakika mbili tu nione". Vyote vikarudi. Nikafurahi nikaendelea na kazi zangu na ndo nikaisahau hivyohivyo, miezi mitatu nzima, na hiyo ni laptopu naingia nayo kila wifi ninayoikuta mbele yangu. Kuja kushtuka nilikuwa natafuta kitu kingine kwenye setingi.

Na tatizo lenyewe lilikuwa dogo hadi aibu. Ile fayawoli sio moja, ina profaili tatu, Domain ya maofisini, Private ya nyumbani kwako, na Public ya sehemu za watu. Mtandao wangu wa nyumbani ulikuwa umeandikwa Public kwa sababu nilivyoulizwa nilibonyeza tu bila kusoma, alafu kanuni za kusheya zilikuwa zimewekewa tiki Private peke yake. Kwaiyo kanuni zipo, ukiziangalia ziko kijani kabisa, ila hazifanyi kazi kwa sababu ziko upande mwingine wa nyumba. Fungua PowerShell (dirisha lingine la amri la Windows) uandike Get-NetConnectionProfile, itakuambia mtandao wako unahesabiwa kama nini. Kama ni Public na ni nyumbani kwako, ingia setingi za mtandao huo uigeuze Private. Hiyo ni ya nyumbani tu, wifi za watu ziache Public zilivyo.

Mzee_wa_Riseti
Mi siungi mkono sana huku kubeba kila kitu. Kanuni ambayo hukumbuki uliiweka kwa nini hiyo ni takataka, utaihamisha mpaka lini kijana? Andika wf.msc ufungue kile kidirisha kikubwa cha fayawoli, panga kanuni za kuingia, zile zako za kuongeza kwa mkono utazijua tu. Zima ile usiyoijua, usiifute, izime tu, kaa siku kadhaa, kama hamna kilicholia basi futa. Kitu kingine ambacho watu hawaangalii, kanuni ya programu imeshika njia ya faili. Programu ikihamia folda lingine baada ya apdeti, kanuni inabaki inalinda nyumba iliyohamwa. Na ukiwa na ya kuruhusu na ya kuzuia kwa kitu kimoja, ya kuzuia ndo inashinda, kwaiyo usishangae umeongeza ruhusa kumi na bado inagoma, tafuta ile ya kuzuia.

Na una siku 10 tu za kurudi Windows ya zamani, baada ya hapo lile folda la Windows.old linafutwa. Ukitaka muda zaidi ongeza kabla hazijaisha, kwenye CMD ya admini:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

60 ndo mwisho wake. Usilifute hilo folda kwa tamaa ya nafasi.

Kitasa_Kibovu
Nimerudi wakuu, mrejesho. Antivairasi niling'oa, bekapu nikafanya, BitLocker kumbe haikuwa imewashwa. Apdeti imeenda vizuri, ilijizima na kuwaka kama mara nne hivi, nikawa nimekaa pembeni naisindikiza kwa macho. Kanuni zote zipo, nimehesabu. Rimoti inapiga. Mtandao ulikuwa Private tayari kwaiyo yaliyomkuta Bi Swichi yamenipita pembeni. Ya kamera ilikufa kama alivyosema mzee, programu ilikuwa imejiapdeti imehamia folda lingine, nimeielekeza upya ikaamka.

Sa kilichobaki, nina kile kiboksi cha diski cha zamani kilichochomekwa kwenye rauta, kile nachohifadhia picha. Kwenye 10 nilikuwa nakifungua tu bila paswadi wala nini, sa hivi kinagoma, kinaniambia sera za usalama za taasisi yangu zinazuia kuingia kama mgeni. Taasisi gani jamani mi niko mwenyewe 😂 Nikachomoa kwanza waya wa intaneti kwenye rauta, nikazima fayawoli dakika moja (nimeshaiwasha dada, tulia), jibu lilelile. Hapo ndo nimekwama.

Bi_Swichi
Nilikuwa nishashika simu nikuandikie 😂

WayaMwekundu
Hiyo sio fayawoli kabisa mkuu na umejithibitishia mwenyewe, umezima na jibu halijabadilika. Kabla ya kuzima siku nyingine jaribu hivi kwenye PowerShell, weka namba (IP) ya kiboksi chako:

Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 445

Ikisema TcpTestSucceeded : True maana yake njia iko wazi mpaka mlangoni, anayekukatalia yuko ndani ya mlango. Bila shaka umepata toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2 au la baada yake. Kuanzia hapo kwenye Pro kuna vitu viwili vilibadilika, kuingia kwenye folda za mtandao kama mgeni bila paswadi kumezimwa, na kompyuta inadai kila pakiti ya SMB (lugha ya kusheya mafaili kwenye mtandao) iwe imesainiwa. Viboksi vya zamani vingi havijui hata hiyo saini ni nini. "Taasisi" inayotajwa ni maneno tu ya ule ujumbe, usiitafute.

Dawa ni kuingia kwenye setingi za kiboksi, tengeneza mtumiaji na paswadi, washa SMB2 au SMB3, zima kuingia kama mgeni. Kuna amri za PowerShell za kulazimisha Windows ikubali kama zamani, utazikuta kila kona, ila unakuwa unaishusha kompyuta nzima kwa ajili ya diski moja. Na kama kiboksi kinajua SMB1 peke yake basi kistaafishe. Ile WannaCry ya Mei 2017, programu hasidi ya kufunga mafaili na kudai fidia, ilikuwa inaruka mashine hadi mashine kupitia hiyohiyo SMB1 kwenye porti 445.

Kitasa_Kibovu
Imekubali!! Ilibidi niapdeti kwanza programu ya kiboksi chenyewe ndo SMB2 ikajitokeza kwenye menyu, nikaweka jina na paswadi, picha hizi hapa. Sa lile faili la fayawoli.wfw nililohifadhi, inabidi niliimpoti tena ili kila kitu kiwe kama mwanzo au?

Mzee_wa_Riseti
Usithubutu. Ukiimpoti inafuta kanuni zote zilizopo sasa inaweka zile za faili, ya kamera uliyorekebisha leo inakufa tena na zile Windows 11 ilizokuja nazo zinaondoka. Hilo ni la siku ya msiba. Eksipoti jipya leo lipe jina la tarehe. Alafu nenda kazime zile usizozijua, au ulidhani nimesahau?