Nashinda njaa ili nile vizuri sikukuu, mwisho nashindwa kupumua

TunduLaMwisho:
Wakuu, naombeni ushauri, ila msinicheke. Kila sikukuu narudia kosa lile lile. Asubuhi sinywi hata chai, eti naacha nafasi. Chakula kikitengwa saa nane mchana, mikono inanitetemeka. Sahani ya kwanza hata ladha yake siikumbuki. Ya pili nakula kwa sababu kuna vitu sijaonja. Ya tatu ni ya shangazi: anapita na upawa, "Wewe mbona hujala?", nami mdomo unasema basi huku mkono unasogeza sahani. Mwaka jana nililegeza mkanda palepale mezani, nikajitupa kwenye kochi, nikaja kuamshwa na kiungulia.

Sasa daktari kaniambia sukari yangu imeanza kupanda. Haijawa kisukari, ila iko mlangoni. Dawa sijapewa. Na sitaki kukaa pembeni na majani kama mgonjwa. Nifanyeje?

MpishiWaUkoo:
Pole, ndugu yangu. Mimi ndiye huyo shangazi kwetu, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Shida yako inaanza asubuhi. Kunywa chai, kula mayai au maharage, kitu cha kukaa tumboni. Mtu aliyeshinda njaa hachagui, anafakamia. Na tumbo halitoi taarifa haraka: mpaka ubongo ujue umeshiba, zinapita kama dakika 20. Wewe kwa dakika 20 umeshamaliza sahani mbili! Anza na mboga na nyama, wanga ufuate. Sukari haipandi kwa kasi ile. Vya kuonja, pakua kijiko kimoja kimoja, na usipakue chochote mpaka umeizunguka meza yote kwa macho. Mimi napika vyakula saba, na nawaona watu wanajaza sahani kwa viwili vya mwanzo halafu wanaanza kujuta.

Sasa siri ya upawa. Sisi wapakuaji hatusikii "basi". Tunaangalia sahani. Sahani tupu kwetu ni ombi. Bakiza vijiko viwili, endelea kuvichezea taratibu huku unapiga soga, nitakupita nikamtafute mwingine. Ukiona bado nakujia, niombe nikufungashie. Hapo nafurahi kuliko ungekula.

Kiatu_Mguuni:
Mama kamaliza, naongeza kochi. Usilale ukishiba, subiri kwa muda wa saa mbili au tatu, ndiyo dawa ya hicho kiungulia. Tembea dakika 15 hivi, misuli inatumia sukari iliyoingia. Mimi huwa nawachukua watoto, hakuna anayeniuliza nakwenda wapi.

Halafu soda. Kopo la mililita 330 linaweza kuwa na gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai, na shibe haileti. Kunywa maji, sukari yako uile kwenye keki angalau uitafune.

Kwa wengine mnaosoma: mwenye kisukari anayetumia insulini asijaribu kabisa huu mchezo wa kushinda njaa. Sukari inaweza kushuka akaanguka kabla chakula hakijaiva.

TunduLaMwisho:
Hiyo ya sahani tupu imenichoma, miaka yote nilikuwa naomba bila kujua. Swali la mwisho: kesho yake huwa napanda mizani, kilo mbili zimeongezeka. Nafunga siku nzima kulipia. Ni sawa?

MpishiWaUkoo:
Hapana! Sehemu kubwa ya hizo kilo ni maji yaliyoshikwa na chumvi na wanga, pamoja na chakula ambacho bado kiko njiani. Kilo moja ya mafuta inataka ziada ya kama kalori 7,700, hata shangazi wawili hawawezi kukupakulia hizo kwa mchana mmoja. Kula kama kawaida, mizani ipandie wiki ijayo.

TunduLaMwisho:
Asante, mama. Shangazi wangu kanipigia sasa hivi kuuliza nitafika saa ngapi. Nimemwambia nitakuja nimeshakunywa chai. Kanuna.