Tupeane uzoefu: kupanda Kilimanjaro na ndugu wa tumbo moja

Mtoto wa Kati
Leo kuna mtu kaweka picha ya ndugu wanne wamekumbatiana pale kileleni kwenye kibao cha Uhuru. Waliopanda na ndugu zao njooni. Sitaki zile za "tulifurahi sana". Nani alinuna, nani alibebewa begi, na mlirudi mnaongea?

Kitindamimba
Mimi nilibebewa begi na kusimangwa papo hapo. Mpaka leo kila sikukuu dada anaikumbushia.

Binti wa Pili
Sisi kwa mama tuko wawili tu. Baba alipofariki tukabaki kusalimiana kwa meseji, mambo ya shamba mnayajua. Mjomba ndiye alitusukuma tupande wote. Kaka akakubali ili asionekane mwoga mbele yangu.

Tulipita njia ya Marangu. Kaka anatangulia, anatembea kama anadaiwa. Gaidi, yaani kiongozi wetu wa mlimani, akimwambia pole pole, anajibu hayo ni ya wageni. Kambi ya Horombo kichwa kikaanza kumgonga, akanificha. Kambi ya Kibo, mita 4,700 hivi, hakugusa supu, eti ameshiba. Nimekua naye, akidanganya namjua.

Usiku wa manane tukaanza ile changarawe, unapiga hatua, nusu yake unarudi. Tulipopita pango la Hans Meyer nikaona anapepesuka kama katoka kilabuni. Namuuliza jina la mama, ananitajia la shangazi. Gaidi hakutaka mjadala: unashuka sasa hivi. Kaka akafoka, yeye ndiye mkubwa, hashushwi na mtu. Nikamwita kwa jina lake. Tangu nizaliwe sijawahi kulitamka mbele yake, siku zote ni "kaka". Akanyamaza. Kisha akaanza kulia kwenye baridi ile, anamtaja baba, analitaja shamba, mimi namfuta kamasi kwa glovu. Gaidi msaidizi akamshika mkono wakashuka. Mimi nikaendelea mpaka Uhuru. Nilimkuta Horombo anakunywa chai, mzima kabisa, anadai nusu ya cheti changu.

Damu Nzito
Yaani umemwacha kaka yako mgonjwa ukaenda kupiga picha?

Binti wa Pili
Kashuka na gaidi. Dawa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Ningemfanyia nini, nimpepee?

Damu Nzito
Ningeshuka naye. Kilele kipo tu.

Kitindamimba
Wewe umeshapanda?

Damu Nzito
Sijapanda, ila nina ndugu.

Mgumu Mstaafu
Nimebeba mizigo mlima ule kwa miaka. Binti hakukosea. Magaidi huwa zaidi ya mmoja kwa sababu hiyohiyo, mmoja ashuke na mgonjwa. Kaka na kaka ndio wabaya, kila mmoja anaficha kichwa mwenzake asimcheke, mwishowe tunamshusha kwenye ile machela ya gurudumu moja. Ukiona mwenzio anayumba au anaongea ovyo, usimsikilize, sema kwa gaidi. Halafu mkubwa akae nyuma, awaone wote.

Mtoto wa Kati
Sisi mkubwa alikaa nyuma, tukamsahau. Atangulie!

Mgumu Mstaafu
Akitangulia anakimbia. Si umesoma hapo juu?

Dada Mkubwa
Piteni njia ya Machame. Mnapanda mpaka Lava Tower, mita 4,600, halafu mnateremka kulala Barranco, mwili unazoea. Na mlale hema moja. Mdogo wangu anakoroma, nilikuwa sijui, tangu shule ya bweni hatujawahi kulala chumba kimoja. Usiku ule ndipo aliponiambia kwa nini aliacha chuo.

Kitindamimba
Mimi nasema hema mbili. Mengine yakae hukohuko.

Mzee wa Pembeni
Hata vile vilele viwili vya mlima, Kibo na Mawenzi, kwenye hadithi ni ndugu. Mawenzi alizidi kuomba moto, Kibo akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana kichwa chake kimebaki meno meno.

Dada Mkubwa
Bibi yangu alisema ni majirani. Usituchanganyie ukoo.

Mzee wa Pembeni
Jirani gani unamtwanga hivyo? Huyo ni ndugu.

Damu Nzito
Bado nasubiri jibu kuhusu picha.

Mtoto wa Kati
Binti wa Pili, achana naye. Shamba liliishaje?

Binti wa Pili
Tuligawana wiki ileile tuliyorudi, bila baraza wala mjomba. Kaka kachukua upande wenye maji.