Mjadala: Je, kifungu cha usuluhishi kifutwe kwenye mikataba midogo ya ujenzi?

Hoja: Majengo mengi ya kupangisha hapa Kenya hujengwa kwa mkataba uliochapishwa na Joint Building Council, baraza la pamoja la wanaujenzi, mwaka 1999. Kifungu chake cha 45 kinapeleka mgogoro kwa msuluhishi (arbitrator), mtu binafsi anayeamua kesi badala ya mahakama. Kwa kazi isiyofika shilingi milioni 20, kifutwe au kibaki?

Mkadiriaji majenzi, Nakuru

Kifutwe. Hakimu analipwa na serikali, msuluhishi analipwa na wagomvi wenyewe, na ukumbi ni juu yao pia. Tupige hesabu ya mfano. Mkandarasi anadai milioni 3, msuluhishi anatoza 20,000 kwa saa. Kikao cha maandalizi, kusoma madai na majibu, siku tatu za mashahidi, kuandika tuzo, yaani uamuzi wake: hapo saa 60 zimekwisha. Hiyo ni 1,200,000. Kila upande unatanguliza 600,000, na bado hujamlipa wakili wala mtaalamu wa kupima kazi upya. Ugomvi wa mita za plasta na idadi ya mabati hauwezi kubeba mzigo huo. Dai lisilozidi milioni 1 liende Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria imeweka siku 60 liwe limeamuliwa.

Wakili, Mombasa

Mkadiriaji, hesabu yako ni sawa ila umeipiga upande mmoja. Dai lako la mfano ni milioni 3, kwa hiyo Madai Madogo halitaingia. Litakwenda kwa hakimu mwenye rundo la mafaili ya ardhi, ajali na mirathi, na kila kesi ikiahirishwa wakili bado anataka nauli na siku yake.

Kosa ni kukiacha kifungu kama kilivyochapwa. Kabla ya kutia sahihi, ongezeni ukurasa mmoja. Msuluhishi awe mmoja, si watatu. Awe mkadiriaji au mhandisi, ili asihitaji kufundishwa na mtaalamu wa kukodi jinsi kipimo cha zege kinavyosomwa. Dai lisilofika milioni 5 liamuliwe kwa nyaraka na ziara moja ya eneo la kazi, bila mashahidi. Ada iwe na kikomo kilichotajwa kwa tarakimu, na tuzo itoke ndani ya siku 60 tangu jibu la mwisho. Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inawaachia wahusika wakubaliane mambo haya.

Kingine kinachokula pesa ni kukimbilia mahakamani huku kifungu kipo. Mdaiwa anaomba kesi isimamishwe chini ya kifungu cha 6 cha Sheria hiyo, na miezi yako imepotea pamoja na gharama. Naye mdaiwa ajihadhari: ombi hilo halipaswi kuchelewa kupita siku anayojiandikisha mahakamani kujibu. Ukiweka utetezi kwanza, ndipo ukumbuke usuluhishi, umeshachelewa.

Mkandarasi, Eldoret

Mnabishana nani aamue, wakati swali ni pesa inakwama wapi. Inakwama mara mbili.

Kwanza, kwenye taarifa. Mkataba huo unataka taarifa ya mgogoro itolewe ndani ya siku 90 tangu jambo litokee au ligunduliwe. Tuseme cheti namba 5, hati ya malipo ya kazi iliyofanyika, hakijalipwa tangu Machi. Mkandarasi anavumilia akingoja hesabu ya mwisho, na kufika Agosti mlango umefungwa. Ujumbe wa simu wa “bosi, nikumbuke” si taarifa. Andika barua, taja namba ya cheti, kiasi, tarehe kilipopaswa kulipwa, na neno “mgogoro” lionekane. Ipeleke kwa anwani iliyo kwenye mkataba na nakala ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Pili, kwenye bahasha. Kifungu cha 32B cha Sheria ya Usuluhishi kinamruhusu msuluhishi kuzuia tuzo mpaka ada yake yote ilipwe. Mwenye jengo anayehisi kashindwa halipi nusu yake. Tuzo imeandikwa, imetiwa sahihi, imelala kwenye droo. Mkandarasi, ambaye bado anadaiwa saruji na mishahara ya mafundi, inabidi alipe nusu zote mbili ndipo aione. Uingereza, chini ya sheria ya 1996, mgogoro wa ujenzi unaweza kupelekwa kwa mwamuzi wa muda (adjudicator) anayetoa uamuzi ndani ya siku 28, aliyeshindwa analipa, mabishano yanafuata baadaye. Sheria ya namna hiyo ndiyo tunayokosa hapa.

Mhandisi, Nairobi

Hilo mnaweza kuliandika wenyewe kwenye mkataba. FIDIC ya 1999, mkataba wa kimataifa wa ujenzi, ina bodi ya kuamua migogoro ndani ya siku 84, na uamuzi wake unafuatwa hata kama mtu haujamridhisha. Kwa jengo la ghorofa mbili, mtu mmoja na siku 28 zinatosha. Ila ada yake nayo hugawanywa nusu kwa nusu, kwa hiyo tatizo la mkandarasi wa Eldoret linapungua tu, haliondoki.

Wakili, Mombasa

Kuhusu nusu ya mwenzako: omba kwa maandishi kwamba gharama zote ziamuliwe ndani ya tuzo, na uambatishe ankara. Tuzo ikinyamaza, 32B inasema kila mtu abebe zake na ada ya msuluhishi igawanywe sawa.

Na mwenye jengo anayejua anadaiwa kiasi fulani atoe pendekezo la malipo kwa barua iliyofungwa, isiyofunguliwa mbele ya msuluhishi hadi swali la gharama lifike. Mkandarasi akikataa milioni 2 kisha akatunukiwa 1,800,000, ana kazi kubwa kueleza kwa nini mwenzake alipie vikao vilivyofuata.

Mkadiriaji majenzi, Nakuru

Ukurasa huo wa nyongeza naukubali, mradi kikomo cha ada kiwe asilimia ya dai na si idadi ya saa. Bila huo, nashikilia kifutwe. Maana hata ukiwa na tuzo bado hujalipwa: mshindwa ana miezi mitatu ya kuomba itenguliwe chini ya kifungu cha 35 cha Sheria ya Usuluhishi, nawe unakwenda Mahakama Kuu kuomba itambuliwe.

Wakili, Mombasa

Kweli, na huko utaombwa tuzo halisi na mkataba halisi, au nakala zilizothibitishwa. Picha ya mkataba kwenye simu haitakufikisha. Tieni sahihi nakala mbili, kila mmoja aondoke na yake.