Fundi umeme na fundi bomba wamegongana kwenye ukuta mmoja: nani alipaswa kuanza?

Mkazi wa Chuno:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninakarabati nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Chuno, Mtwara mjini. Ni nyumba ya miaka ya 1970, ya tofali za saruji za inchi tano. Baada ya kuuza korosho tulikubaliana katika familia kwamba tuondoe mabomba yote ya chuma, ambayo yalikuwa yameliwa na kutu kiasi cha kutoa maji mekundu, tuweke ya plastiki aina ya PPR, na papo hapo tuongeze soketi jikoni na hita ya shawa bafuni.

Fundi umeme ndiye aliyetangulia. Alitindua ukuta unaotenganisha jiko na bafu, akalaza paipu zake, akavuta nyaya, na fundi mwashi akapiga lipu. Wiki mbili baadaye alikuja fundi bomba, akapitisha grenda ukutani kwa mlalo, usawa wa kiuno, akakata paipu ya umeme pamoja na nyaya zilizokuwa ndani yake. Badala ya kuniarifu, aliziunganisha kwa utepe, akalaza bomba lake juu yake na kuziba kwa saruji. Niligundua pale soketi mbili za jikoni zilipokosa umeme. Sasa fundi umeme anadai alipwe upya, na fundi bomba anasema hakuna aliyemwonyesha kwamba pale pana waya.

Ninaomba kujua ni nani kati yao alipaswa kuanza, na gharama ya kurudia kazi ibebwe na nani. Pia kuna jambo ambalo sijui kama linahusiana na haya: tangu mabomba ya zamani yaondolewe, mke wangu akigusa mlango wa friji akiwa miguu mitupu anahisi umeme unamtambaa mkononi. Zamani halikuwapo.

Fundi Umeme, Lindi:

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho, kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri na hili haliwezi. Chomoa friji leo, na hita usiiwashe kabisa.

Katika nyumba nyingi za umri huo, huku Lindi na huko Mtwara, mafundi wa zamani walifunga waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye bomba la maji la chuma. Bomba lilikuwa limezikwa ardhini mita nyingi, hivyo likafanya kazi ya rodi, ile fimbo ya chuma inayopigwa ardhini. Fundi bomba anapoling'oa na kuweka plastiki, anaondoa ethi ya nyumba nzima bila mwenyewe kujua, kwa kuwa plastiki haipitishi umeme. Taa zitawaka, feni itazunguka, na hakuna atakayeshuku chochote mpaka kifaa chenye bodi ya chuma kivujishe umeme kidogo, nao utafute njia ya kwenda ardhini kupitia mwili wa mtu. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, afuatilie waya wa kijani na njano unaishia wapi, apige rodi mpya, kisha aipime kwa kifaa. Asiridhike kwa kuitazama tu: mchanga wetu wa pwani ukikauka kiangazi haupitishi umeme vizuri, na chumvi ya hewani hula kibano kinachoshika waya kwenye rodi. Pamoja na rodi, afunge kikata umeme kinachohisi uvujaji, cha miliampia 30. Kwa nyumba yenye hita ya shawa mimi sikubali kuondoka bila kukifunga.

Kuhusu nyaya zilizokatwa, kiungo cha utepe kilichozikwa ukutani hakikubaliki hata kwa siku moja. Zitolewe zote na kuvutwa mpya, nzima, kutoka boksi hadi boksi. Hata hivyo nitasema ukweli juu ya fundi mwenzangu: alikosea kuvuta nyaya wakati kazi ya maji haijaanza. Kabla ya lipu hulazwa paipu tupu. Nyaya huvutwa mwishoni, lipu ikiwa imekauka na mabomba yamekwisha kupimwa, na hapo paipu ikiharibiwa hasara ni ndogo.

Hita nayo ipewe laini yake peke yake. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta takriban ampia 24, kwa hiyo waya usipungue milimita za mraba 4, na mimi hupendelea 6. Kuiunganisha kwenye laini ya soketi yenye waya wa 2.5 ni kuutafutia ukuta moto.

Bomba Mikindani:

Nimefanya kazi ya mabomba miaka mingi, na sitamtetea aliyefukia waya uliokatwa. Kukata kwa bahati mbaya kunaweza kumpata fundi yeyote, lakini kuficha ni kosa lake mwenyewe, na nyaya hizo alipie.

Juu ya nani aanze, msimamo wangu ni kwamba maji hutangulia, na hasa maji machafu. Bomba la kutoa maji ya sinki linahitaji mteremko wa karibu sentimita mbili na nusu kwa kila mita, na lile la choo lina upana wa milimita 110, kwa hiyo huwezi kulikunja ili limpishe mtu. Paipu ya umeme ya milimita 20 inapinda, inapanda darini na kushuka inapotakiwa. Asiyeweza kukwepa ndiye achaguliwe njia kwanza. Tena mashine ya kuchomelea PPR hufikia nyuzi joto 260. Ikigusa paipu ya umeme iliyokwisha kulazwa, inaiyeyusha.

Niongeze jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalidai: kupima presha kabla ya lipu. Kwa kuwa maji hayatoki kila siku, wengi wetu hufungua maji ya simtanki, wakaona pakavu, wakaruhusu lipu. Tangi lililo juu ya mnara wa mita tatu linatoa presha ya baa 0.3 tu. Kiungo kibovu kinaweza kuvumilia hiyo kwa miezi, kisha siku ukifunga pampu au maji ya mamlaka yakija kwa nguvu, kinaachia ndani ya ukuta. Mimi hutumia pampu ya mkono ya kupimia, napandisha hadi baa 10, naiacha huku mshale ukiangaliwa, mwenye nyumba akiwa amesimama hapo.

Mama wa Ligula:

Nakubaliana na kaka wa Mikindani kuhusu kupima, maana mimi sikupima. Kiungo kilivuja bafuni, maji yakaingia ndani ya paipu ya umeme iliyopita chini yake, yakasafiri nayo, yakatokea kwenye soketi ya chumba cha watoto, upande wa pili wa nyumba. Tulivunja ukuta wa chumba hicho bure, tukitafuta bomba mahali ambapo bomba halikuwapo. Tangu hapo nawaomba watu wasikubali bomba la maji kupita juu ya paipu ya umeme zikiwa sambamba. Umeme ukae juu, maji chini.

Kwangu mimi, hata hivyo, swali la nani aanze linakuja baada ya lingine: je, mafundi hawa wawili waliwahi kukutana? Tulipokarabati upande wa uani niliwaita wote siku moja, tindo likiwa bado mfukoni. Kila mmoja alichora njia zake ukutani, wa maji kwa chaki ya bluu na wa umeme kwa nyekundu, na palipogongana walibishana mbele yangu hadi wakaelewana. Ilichukua asubuhi moja. Kisha kabla ya lipu nilipiga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imewekwa kutoka kona na kutoka sakafuni, ili fundi wa kesho ajue.

Kuhusu gharama, kaka wa Chuno, usiukasirikie ushauri wangu. Nyaya alipe aliyezikata na kuzificha. Lakini kutindua na kupiga lipu upya ni juu yako, kwa sababu ni wewe uliyewaita kwa wiki tofauti bila kuwakutanisha.

Fundi Umeme, Lindi:

Mama amesema vema. Naongeza kuhusu ule mkato wa mlalo, kwa kuwa hakuna aliyeugusa. Ukuta wa inchi tano una milimita kama 125. Kanuni tunayofuata ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita, yaani milimita 20 hivi. Bomba la PPR la milimita 25 halienei humo, achilia mbali saruji ya kulifunika. Lishushwe wima kutoka juu au lipitishwe sakafuni, na mfereji huo uzibwe vizuri.

Mkazi wa Chuno:

Ninawashukuru sana, na ushauri wa mama nimeupokea bila kinyongo. Friji ilichomolewa usiku uleule. Leo asubuhi tumefukua nyuma ya bafu na kukuta waya wa ethi umefungwa kwenye kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa kama mkono, kimekatwa pande zote mbili, kimening'inia hewani. Fundi mwenye leseni anakuja Jumamosi kupiga rodi na kupima. Fundi bomba amekubali kulipia nyaya baada ya kumwonyesha maneno ya mwenzake wa Mikindani, na Jumatatu wote wawili watafika pamoja. Chaki za rangi mbili nimekwisha kununua.