Dundee United 2024/25: timu iliyotoka kupanda ilimalizaje nafasi ya 4?

Swali: Walishuka 2023, wakachukua ubingwa wa Championship (daraja la pili la Scotland) 2024, kisha wakafuzu Ulaya. Halafu huu mgawanyo wa ligi kuu ya Scotland unafanyaje kazi?

Jibu 1: Timu ni 12. Mnacheza mechi 33, kila mpinzani mara 3, kisha ligi inakatwa katikati: 6 za juu peke yao, 6 za chini peke yao, mechi 5 kila timu. Jumla 38. Hapo ndipo wengi hukosea kusoma jedwali: wa 7 anaweza kuishia na pointi nyingi kuliko wa 6 na bado asimpite. Kwa timu iliyopanda, kuingia sita bora ndiyo kila kitu, kwa sababu hofu ya kushuka inaisha hapo hapo. Wa 12 anashuka moja kwa moja. Wa 11 anacheza mchujo, nyumbani na ugenini, na timu ya Championship.

Jibu 2: Kocha Jim Goodwin alijenga mabeki watatu wa kati, Will Ferry akipanda kushoto, na mbele Sam Dalby, mrefu, wa mkopo kutoka Wrexham. Siku ya mwisho waliifunga Aberdeen 2-1 pale Tannadice, uwanja wao wa nyumbani. Safi sana! Mkenya Richard Odada naye alisajiliwa msimu huo.

Jibu 3: Ubaya wa mkopo: mfungaji anaondoka, unaanza upya. Msimu uliofuata, katika mchujo wa Conference League (mashindano ya tatu kwa ukubwa ya klabu za Ulaya), waliitoa UNA Strassen ya Luxembourg, wakatolewa na Rapid Wien ya Austria kwa penalti.