Naomba ushauri: mdogo wangu anasema TWICE wamepotea

Habari zenu wapendwa. Mimi na mdogo wangu tulianza kuwapenda TWICE, lile kundi la wasichana waimbaji wa Korea Kusini, pamoja, enzi za wimbo wao TT, 2016. Tulikuwa tunasimama mbele ya kioo, vidole tumevikunja herufi T chini ya macho kama machozi, hadi mama anatufokea tukalale.

Sasa yeye amegoma. Anasema tangu wimbo wa Fancy wa 2019 wamekuwa wazito, ule uchangamfu wa wimbo wao wa zamani Cheer Up haupo tena. Mimi naona kinyume kabisa. Feel Special iliponikuta nina kipindi kigumu, niliirudia usiku kucha, na I Can't Stop Me na vinanda vyake vya miaka ya 80 naona ndiyo kazi yao bora. Wale wasichana tisa walianza 2015, wengine wakiwa bado watoto. Wangeimba ya kitoto mpaka lini?

Ila sitaki kubishana naye, namkosa tu tukisikiliza pamoja. Mliowahi kumrudisha mtu, mlianza na wimbo gani? Nimwekee zile za taratibu kwanza, au nimwache mwenyewe?